Adhabu ikionekana ndogo: nani akate rufaa, na ndani ya siku ngapi

Tarehe 29 Januari 2016, ndani ya Pori la Akiba la Maswa mkoani Simiyu, rubani Mwingereza Roger Gower alikuwa akiruka chini chini kwa helikopta, akisaidia kuwasaka majangili baada ya mizoga ya tembo kuonekana. Risasi ilitoka ardhini, ikatoboa sakafu ya helikopta na kumpata. Alijitahidi kuishusha, ikaanguka porini. Mwenzake alinusurika, yeye akafa. Watuhumiwa walikamatwa na kufikishwa mahakamani, na habari zikazunguka dunia nzima.

Kesi za uzito huo humgeuza kila mtu kijiweni kuwa hakimu. Huyu afungwe maisha, yule anyongwe. Na siku adhabu inaposomwa, ikiwa chini ya ile iliyotarajiwa, swali huwa moja: mbona kidogo, na Serikali itanyamaza tu?

Wapo wanaoliita tukio kama la Maswa ugaidi. Kisheria si rahisi hivyo. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 haitosheki na bunduki na maiti. Inataka tendo lililokusudiwa kuwatia wananchi hofu kubwa, kuishurutisha Serikali ifanye au isifanye jambo, au kuvuruga misingi ya nchi. Jangili anachotaka ni pembe. Hata hivyo, gaidi na jangili hukutana mahali pamoja: makosa ya ugaidi na makosa ya nyara za Serikali yote yamo katika jedwali la Sheria ya Kudhibiti Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa ya mwaka 1984. Kwa hiyo mkazi wa Meatu au Itilima mkoani Simiyu ambaye hajawahi kuona kesi ya ugaidi kwa macho yake anaweza kuielewa njia ya rufaa kwa kufuata kesi za nyara anazozisikia kila mwaka.

Mwenye ufunguo ni mmoja

Katika kesi ya jinai mlalamikaji si yule aliyeumizwa. Ni Jamhuri. Aliyefiwa, aliyejeruhiwa, kijiji kilichochomewa nyumba, wote wanakuwa mashahidi. Ndiyo maana rufaa ya kulalamikia adhabu ndogo haifunguliwi na familia ya marehemu, wala mkuu wa wilaya, wala mbunge, hata wakikasirika vipi. Hufunguliwa na Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye wengi humwita DPP, kupitia mawakili wa Serikali wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka.

Katiba yetu, Ibara ya 59B, inamtaka DPP afanye kazi bila kuingiliwa na mtu au mamlaka yoyote, na inamtajia mambo matatu ya kuzingatia: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Hasira za umma hazimo. Nadhani hapa ndipo watu wengi hukosea: wanadhani wakipiga kelele za kutosha Serikali italazimika kukata rufaa. Kelele zinaweza kumfanya wakili wa Serikali asome jalada mara ya pili, lakini asipoona kasoro ndani yake hana cha kupeleka juu.

Uwezo wenyewe ni mpana. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, DPP asiporidhika na uamuzi wa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi anaweza kwenda Mahakama Kuu kupinga mshtakiwa kuachiwa huru, kupinga adhabu, au kupinga amri nyingine yoyote. Kama kesi ilisikilizwa na Mahakama Kuu yenyewe, Sheria ya Mamlaka ya Rufaa inampa haki hiyo hiyo mbele ya Mahakama ya Rufani, ambako majaji watatu huketi pamoja.

Si kila nchi iko hivyo. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alishtakiwa New York kwa mashtaka 285 yaliyohusu milipuko ya balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi ya tarehe 7 Agosti 1998. Novemba 2010 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa shtaka moja tu, la kula njama. Yale 284 yalikwisha siku hiyo, kwa sababu Marekani mtu akishaachiwa kwa shtaka, Serikali haina rufaa. Shtaka moja lililobaki lilitosha kumpa kifungo cha maisha Januari 2011. Hapa kwetu mashtaka hayo 284 yangeweza kwenda Mahakama ya Rufani.

Kesi inaanzia Bariadi, inaishia wapi?

Mshtakiwa wa ugaidi akifikishwa mahakama ya chini, iwe Bariadi au kwingineko, husomewa mashtaka na kuambiwa maneno ambayo wasomaji wa magazeti wanayajua kwa moyo: hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Dhamana hakuna. Anarudishwa mahabusu huku upelelezi ukiendelea, na ukikamilika jalada huhamishiwa Mahakama Kuu, ambayo kwa makosa haya ina Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi iliyoanzishwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Kwa miaka mingi wakazi wa Simiyu wamekuwa wakiifuata Mahakama Kuu Shinyanga, safari ya kupitia Maswa na Mwigumbi.

Lakini DPP anaweza kuamua kesi ya uhujumu uchumi isikilizwe na mahakama ya chini. Hapo lazima atoe karatasi mbili: kibali cha kumshtaki mtu, na hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka. Kesi nyingi za nyara hupita njia hii. Ziangalie vizuri karatasi hizo, maana zimeua kesi kuliko mashahidi waongo. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo mizima ya kesi kwa sababu kibali kilitaja kifungu kisicho chake au hati haikuwa sahihi. Mwenendo ukifutwa, adhabu nayo imeondoka, na mjadala wa kama ilikuwa ndogo au kubwa hauna pa kusimama.

Adhabu ndogo ni ipi?

Tenganisha mambo mawili. Kuna adhabu iliyo kinyume cha sheria, na kuna adhabu iliyo ndani ya sheria ila inaonekana nyepesi.

Ya kwanza haina ubishi mrefu. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Hakimu akitoa 15, amekosea. Aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 adhabu yake ni kifungo cha maisha; akipewa 30, kuna kosa la kusahihisha. Makosa ya uhujumu uchumi, tangu mabadiliko ya 2016, yana kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30, isipokuwa pale sheria nyingine imeweka adhabu kubwa zaidi. Adhabu ikiwa chini ya kiwango, wakili wa Serikali anachohitaji ni kifungu cha sheria na nakala ya hukumu. Tena majaji huweza kuisahihisha wenyewe. Zipo rufaa ambapo mfungwa alikwenda kuomba apunguziwe miaka 30, majaji wakaona umri wa mtoto kwenye jalada, akatoka na kifungo cha maisha.

Ya pili ndiyo ngumu. Sheria imempa hakimu nafasi kati ya kiwango cha chini na cha juu, naye amechagua cha chini. Mwaka 1954, katika kesi ya Ogalo Owoura, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka kipimo ambacho mahakama zetu na za Kenya bado hukinukuu: mahakama ya juu haitaigusa adhabu kwa sababu tu majaji wake wangetoa tofauti. Itaingilia ikiwa aliyeitoa alifuata kanuni isiyo sahihi, alisahau jambo la maana, au adhabu yenyewe imepita kiasi waziwazi kwa mazingira ya kosa, na kipimo hicho kinafanya kazi hata pale adhabu inapopungua mno. Mkulima aliyepima pamba AMCOS anaelewa: kutarajia kilo nyingi zaidi hakuthibitishi kwamba mzani ni mbovu.

Kwa hiyo rufaa nzuri ya upande wa mashtaka haisemi "adhabu ni ndogo". Inasema, kwa mfano, kwamba hakimu alimhesabu mshtakiwa kama mkosaji wa mara ya kwanza wakati kumbukumbu za kosa la awali zilitolewa mahakamani. Au alipunguza miaka kwa sababu isiyotambuliwa na sheria. Au hakusema lolote kuhusu madhara yaliyothibitishwa na mashahidi. Kinachotafutwa kimo katika kurasa chache za mwisho za mwenendo wa kesi: pale wakili wa Serikali alipoombwa aeleze kama ana kumbukumbu za makosa ya zamani, mshtakiwa alipopewa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu, na hakimu alipoandika sababu zake. Wakili wa Serikali aliyesimama siku hiyo akasema tu "tunaomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine", kisha akaketi, amejinyima mwenyewe sababu za rufaa.

Mfano unaosomwa sana ni wa Ahmed Ressam, Mwaljeria aliyekamatwa Desemba 1999 akiingia Marekani kutoka Kanada na gari lenye vilipuzi, akikusudia kushambulia uwanja wa ndege wa Los Angeles. Jaji wa Seattle alimpa miaka 22 mwaka 2005, akitaja msaada mkubwa aliowapa wapelelezi kabla hajaacha kushirikiana nao. Waendesha mashtaka wakakata rufaa. Mwaka 2008 jaji yule yule akarudia miaka 22. Wakakata tena. Machi 2012 majaji wa rufaa, kwa kura 7 dhidi ya 4, walisema adhabu hiyo haiwezi kutetewa, na Oktoba mwaka huo Ressam akapewa miaka 37. Zaidi ya miaka saba ilipita kati ya adhabu ya kwanza na ya mwisho, na kati ya majaji 11 wanne bado waliona ile ya awali inatosha.

Jose Padilla, aliyetiwa hatiani Marekani kwa makosa ya ugaidi, naye alipewa miaka 17 na miezi minne mwaka 2008, jaji akizingatia mazingira magumu aliyowekwa kizuizini kijeshi. Serikali ikashinda rufaa 2011, na mwaka 2014 akapewa miaka 21. Nyongeza ya miaka mitatu na ushei. Anayetarajia kwamba rufaa ya Serikali itageuza kifungo kifupi kuwa cha maisha auangalie mfano huo.

Kabla hujasema "wamemhurumia"

Julai 2010 mabomu yaliua watu zaidi ya 70 mjini Kampala, waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Mwendesha mashtaka mkuu katika kesi hiyo, Joan Kagezi, alipigwa risasi na kuuawa Machi 2015 kesi ikiwa inaendelea. Mei 2016 Jaji Alfonse Owiny-Dollo alitoa kifungo cha maisha kwa watu watano na miaka 50 kwa wawili, mmoja wao Mtanzania. Mwingine, ndugu wa mpangaji mkuu, alipewa mwaka mmoja wa kutumikia jamii.

Ukisoma mstari huo wa mwisho peke yake utashika kichwa. Ila mtu huyo hakutiwa hatiani kwa ugaidi. Alitiwa hatiani kwa kumsaidia mkosaji baada ya kosa kutendeka, na alikuwa amekaa mahabusu miaka mingi. Hali ni hiyo hiyo Nairobi, ambako Oktoba 2020 watu wawili waliohusishwa na shambulio la Westgate la 2013, lililoua watu 67, walipewa miaka 33 na 18. Hawakuwa wafyatuaji risasi. Walitiwa hatiani kwa kula njama na kuwasaidia magaidi, na muda waliokaa rumande tangu 2013 ulihesabiwa. Uliza kwanza: ametiwa hatiani kwa kosa lipi? Kichwa cha habari hutaja shambulio. Adhabu hufuata shtaka.

Na mara nyingine hakuna hukumu ya kukatia rufaa kabisa. Juni 2021 masheikh wa Uamsho, kikundi cha Kiislamu cha Zanzibar, waliachiwa baada ya miaka saba hivi mahabusu, DPP alipoyaondoa mashtaka ya ugaidi. Freeman Mbowe, aliyekuwa Mwenyekiti wa CHADEMA alipokamatwa Mwanza Julai 2021, aliachiwa pamoja na wenzake tarehe 4 Machi 2022 kwa njia hiyo hiyo, wiki mbili baada ya mahakama kusema wana kesi ya kujibu. DPP akisema hana nia ya kuendelea na kesi, hapo hapana adhabu nyepesi wala nzito.

Nitasema wazi jambo moja kuhusu Simiyu. Katika vijiji vinavyopakana na Pori la Maswa na Serengeti, malalamiko ninayoyaona yana uzito zaidi yanatoka upande wa pili: miaka 20 kwa mtu aliyekutwa na nyama ya nyumbu. Kwake hakimu hana pa kushukia, kiwango cha chini kimefungwa na Bunge. Kilio hicho hakitibiwi na rufaa ya adhabu, kinatibiwa Dodoma.

Hesabu ya siku

Tuseme adhabu imesomwa Mahakama ya Wilaya tarehe 2 Juni. DPP ana siku 30 za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa, yaani mpaka 2 Julai. Ana siku 45 za kuwasilisha hati ya rufaa yenye sababu zake, yaani mpaka 17 Julai, lakini siku za kusubiri nakala za mwenendo na hukumu hazihesabiwi. Mfungwa ana muda mfupi zaidi wa notisi: siku 10, mpaka 12 Juni, kisha siku 45 za hati ya rufaa kwa utaratibu huo huo. Aliye gerezani hupitishia karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Kama kesi ilisikilizwa na Mahakama Kuu, pande zote mbili zina siku 30 za notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani.

Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, akitoa sababu ya kutosha. Sharti hilo linaibana Serikali sawasawa na mfungwa, na "jalada lilichelewa ofisini" si sababu inayopokelewa kwa moyo mkunjufu.

Mtu aliyekiri kosa mwenyewe hawezi kupinga kutiwa hatiani, ila anaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Na hakuna anayeongezewa adhabu kimyakimya: ni lazima aitwe na asikilizwe kwanza. Hii ni kwa rufaa, na hata pale Mahakama Kuu inapoliita jalada la mahakama ya chini na kulikagua yenyewe. Katika ukaguzi huo inaweza kurekebisha adhabu, lakini haiwezi kumgeuza aliyeachiwa huru kuwa mwenye hatia.

Mahakama ya Mwanzo ina utaratibu wake. Huko kwa kawaida hakuna wakili wa Serikali, na mshtakiwa akiachiwa, mlalamikaji mwenyewe anaweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kesi za ugaidi na za nyara haziendi huko, lakini kesi nyingi za majirani zinakwenda, kwa hiyo ni vizuri kulijua.

Wewe ufanye nini?

Kama kesi inakugusa, usisubiri kusikia kwa watu Serikali imeamua nini. Siku ile ile ya adhabu, andika namba ya kesi, jina la mahakama, jina la hakimu au jaji, kosa alilotiwa nalo hatiani na adhabu yenyewe. Usipoelewa kilichosomwa kwa sababu ya lugha, mwambie karani. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na shahidi au mshtakiwa anayejua Kisukuma pekee ana haki ya mkalimani.

Kisha mwandikie Wakili wa Serikali Mfawidhi wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka mkoani. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Usimhubirie jinsi mshtakiwa alivyo mbaya, mwonyeshe kilichokosewa. Kama unajua aliwahi kufungwa kwa kosa kama hilo, taja mahakama na mwaka. Kama sheria inaweka miaka 20 na amepewa mitano, andika hivyo. Ukitaja kifungu, hakikisha ni namba ya sasa, maana Toleo la Sheria la 2023 lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025 limehamisha namba nyingi, na vitabu vya zamani vinapotosha. Hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Uingereza wanalo dirisha rasmi: mtu yeyote anaweza kumwomba Mwanasheria Mkuu aipeleke adhabu nyepesi mahakama ya rufaa ndani ya siku 28, na tangu 2017 makosa mengi ya ugaidi yameingizwa humo. Sisi dirisha la namna hiyo hatuna. Barua yako haimlazimishi DPP. Naona lingetusaidia, walau mwandishi wa barua apate jibu la maandishi.

Ukishuku rushwa, hiyo ni njia nyingine kabisa. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113, na zipo kamati za maadili ya maofisa wa mahakama ngazi ya wilaya na mkoa, zinazoongozwa na mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Zinaweza kumshughulikia hakimu, lakini hazibadilishi adhabu. Usimfuate hakimu nyumbani, usimpigie simu.

Na kama ndugu yako ndiye aliyehukumiwa, akaletewa hati kwamba Jamhuri imekata rufaa aongezewe miaka, asiidharau kwa kudhani kesi yake imekwisha. Atafute wakili, au mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya sheria ya 2017, ajibu hoja moja moja. Asipofika, rufaa inaweza kusikilizwa bila yeye.

Barua kwa wakili wa Serikali iwe mezani kwake ndani ya wiki ya kwanza, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Siku ya 31 notisi ya DPP haipokelewi tena bila ruhusa ya mahakama.